Gari la kushonesha

Mpenzi msomaji, kama umewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani, akakupima mabega na kiuno, akakwambia "njoo Ijumaa", ukaenda Ijumaa akakwambia "njoo Jumatatu", basi nusu ya habari ya leo unayo tayari. Maana leo nataka tuzungumze magari, na magari yenyewe yalikuwa yakinunuliwa hivyo hivyo. Kitambaa kwa mmoja, ushonaji kwa mwingine, na mwenye mali yuko katikati anahesabu siku.

Sizungumzii haya ya siku hizi yanayoshushwa bandarini kutoka Japani, ambayo mtu akikwambia "nimevuta mkoko" unajua kabisa kwamba kama si mweupe basi wa kijivu. Nazungumzia yale ya tangu miaka ya 1900 hadi 1930 na kitu, yale unayoyaona kwenye sinema za zamani. Boneti ndefu kama ngalawa, madigadi yamejikunja kama wimbi la kusi, taa kubwa kama sufuria za pilau, na ndani kakaa bibie kavaa kofia yenye manyoya. Vijana wakiyaona husema, "Aisee, hiyo Rolls-Royce bomba!" Mimi nawajibu taratibu: umbo hilo unalolisifia, si Rolls-Royce aliyelitengeneza.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Rolls-Royce ilikuwa haiuzi gari zima. Ilikuwa inauza chesisi. Na chesisi ni mifupa tu: vyuma viwili virefu, injini mbele, giaboksi, ekseli, springi, magurudumu, usukani, rejeta na boneti yake. Mlango hakuna. Kiti hakuna. Paa ndiyo usiulize. Dereva wa majaribio alikuwa anafungiwa kijikiti cha muda juu ya hivyo vyuma, anavaa miwani ya kuzuia vumbi, kisha anaingia barabarani upepo ukimpiga kila upande, utadhani anaendesha kitanda cha chuma. Kabla ya vita ya 1914, chesisi hiyo ilikuwa inauzwa pauni 985, fedha ndefu kwelikweli wakati ule, na hapo hujapata hata pa kukalia.

Sasa mwenye nazo akishanunua mifupa, anaipeleka wapi? Anaipeleka kwa fundi bodi. Na usimfikirie fundi bodi wa uchochoroni anayenyoosha mlango uliogongwa na daladala. Hawa walikuwa mafundi wenye majina yaliyoheshimika kuliko ya baadhi ya viwanda. Karakana ya Barker ya London ilianzishwa mwaka 1710. Hebu hesabu: hiyo ni karibu miaka 200 kabla ya gari la injini kuwa biashara! Walikuwa wakitengeneza magari ya kukokotwa na farasi, ya wafalme na mabwanyenye, na farasi alipopumzishwa ikaletwa injini, wao waliendelea na kazi ileile. Mbao zilezile, ngozi zilezile, vanishi ileile. Kilichobadilika ni kinachovuta.

Gari lile lililoitwa Silver Ghost la mwaka 1907, ambalo lilipakwa rangi ya fedha likawa gumzo la Uingereza nzima, bodi yake ilitoka kwa Barker. Rolls-Royce walileta injini tulivu isiyopiga kelele, Barker wakaleta umbo. Jina hilo la gari moja likaja kushika kwa ndugu zake wote wa aina hiyo.

Kuna kitu kimoja ambacho viwanda havikumwachia fundi: rejeta na boneti. Hapo mbele ndipo palipokuwa na sura ya kampuni, na sura ni biashara. Kwa hiyo mtu akiliona gari kwa mbele anasema "hii ni Rolls", "hii ni Packard". Akizunguka kwa ubavuni, mjuzi anasema "aa, hii imetoka kwa Barker", "hii kwa Hooper". Uso wa kiwanda, mwili wa fundi. Na pale chini mlangoni, unapokanyaga kuingia, fundi alikuwa anagongelea kibati kidogo chenye jina lake. Kidogo kweli, lakini wenye macho walikuwa wanakitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Haya, tuingie karakana tuone kazi yenyewe.

Mteja anafika, anakaribishwa, analetewa michoro. Anaulizwa maswali kama ya fundi suti. Unaendesha mwenyewe au una dereva? Mama watoto anapenda kukaa upande gani? Unavaa kofia ndefu? Maana kama unavaa kofia ndefu, paa lazima lipandishwe, bosi asiinamishe shingo kama kuku anayeingia bandani. Mwingine anataka kabati la vinywaji, mwingine anataka kioo cha kumtenga dereva ili asisikie maneno ya nyuma. Na hapa kuna kichekesho. Sisi leo tukiona gari lina viti vya ngozi tunasema huyo ni mzito. Kwenye limuzini za zama zile ngozi ilikuwa inawekwa mbele, anakokaa dereva, kwa sababu ngozi haichakai haraka na mvua haiiharibu. Nyuma kwa bosi kuliwekwa kitambaa laini cha sufu. Kwa hiyo aliyekalia ngozi ndiye aliyetumwa.

Mchoro ukishakubaliwa, kazi inaanza na mbao. Wala usishangae. Chini ya yale mabati yote yanayong'aa kuna mifupa ya mti. Waingereza walipenda mti wao mmoja unaoitwa ash, ambao ni mgumu lakini unanyumbuka bila kukatika. Seremala anachonga nguzo za milango, maungo ya paa na matao ya magurudumu, anaunganisha kipande kwa kipande mpaka unaona gari la mti limekaa juu ya chesisi. Kisha anakuja fundi bati. Huyu analaza bati la alumini au la chuma juu ya mfuko wa mchanga, analigonga kwa nyundo ya mti, halafu analipitisha katikati ya magurudumu mawili ya mashine ya mkono, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka bati linajikunja lenyewe kama limeyeyuka. Hakuna kibao cha kufuatisha isipokuwa jicho na kiganja. Ubavu wa kushoto ukipishana na wa kulia, bati linarudi kwenye nyundo.

Anafuata fundi rangi, na hapa ndipo "njoo Jumatatu" ilipozaliwa. Rangi ya zamani ilikuwa inapakwa kwa brashi, mkono mmoja juu ya mwingine, kila mkono unasubiriwa ukauke, unasuguliwa, unapakwa tena, mwisho vanishi. Kazi ya rangi peke yake ilikula majuma kadhaa. Vumbi likitua, rudia. Halafu ndiyo waingie washona viti na wafunga vitasa. Mteja alikuwa anasubiri kwa miezi, na chesisi yake aliyoilipia imelala pale karakana kama kitambaa chako kilivyolala kwa fundi sikukuu inakaribia.

Kulikuwa na mabwana waliokuwa na chesisi moja na bodi mbili. Nakwambia kweli. Bodi ya wazi ya majira ya joto na bodi ya kufungwa ya majira ya baridi. Msimu ukibadilika, gari linarudi kwa fundi, bodi hii inanyanyuliwa inawekwa stoo, ile inashushwa inafungwa kwa bolti. Yaani gari linavua shati linavaa koti. Na likizeeka, likauzwa kwa mtu wa tatu au wa nne, linavuliwa tena: Rolls-Royce kadhaa zilizoanza maisha zikibeba mabwana wakubwa zilimalizia zikibeba majeneza, kwa sababu injini ilikuwa bado nzima na mtu kaagiza bodi ya kubebea maiti. Dunia haina dogo.

Sasa tuje kwenye biashara, maana ufundi bila kuuza ni njaa tu. Fundi hawa walikuwa na njia tatu za kupata mshiko.

Ya kwanza ni hiyo niliyokueleza: mteja mmoja, gari moja, mchoro mmoja. Ya heshima, lakini ya taabu. Fundi ananunua mbao, bati na ngozi leo, analipwa gari likitoka.

Ya pili ilikuwa ya kamari kidogo. Fundi ananunua chesisi kwa fedha yake, anaivalisha bodi ya kukata na shoka, anaipeleka kwenye maonyesho. London walikuwa na ukumbi wa Olympia, Paris walikuwa na Grand Palais, New York walikuwa na maonyesho ya magari ya kifahari katika hoteli ya Commodore. Pale wanapita vibosile na wake zao. Likinunuliwa palepale, fundi kauaga umaskini wa mwaka huo. Lisiponunuliwa, anarudi nalo nyumbani kama mchuuzi aliyerudi na nyanya jioni.

Ya tatu ndiyo iliyolisha familia: kupata tenda ya kiwanda. Ford aliponunua kampuni ya Lincoln mwaka 1922, mwanawe Edsel Ford, kijana mwenye jicho la mambo mazuri, alianza kuwaagizia mafundi bodi kwa mafungu. Kumi za namna hii, ishirini za namna ile. Fundi anapata kazi ya kudumu, mteja anakuta gari lililoshonwa limeshatundikwa dukani, na bei inashuka kidogo. Suti ya fundi mashuhuri, lakini saizi zimeshapangwa.

Ukitaka kujua wazito walikuwa wanatumbukiza kiasi gani, chukua Duesenberg Model J la Marekani, lililoonyeshwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba 1928. Chesisi peke yake ilikuwa dola 8,500. Wakati huohuo Ford Model A la kawaida, zima, na viti vyake na paa lake, ulikuwa unalipata kwa dola zisizofika 600. Kwa mifupa ya Duesenberg ungenunua Ford za ukoo mzima! Na mwenye Duesenberg bado alikuwa na safari ya kwenda kwa fundi, mara nyingi karakana ya Murphy kule Pasadena, California, akaongeze maelfu mengine ya dola. Mastaa wa Hollywood walikuwa jirani, kwa hiyo wateja walikuwepo.

Mpaka hapa utasema, "Kaka, hizo ni habari za matajiri, sisi pangu pakavu zinatuhusu nini?" Subiri. Sasa nakuletea vijana, na hawa ndio sababu ya mimi kuandika habari hii.

Mwaka 1920 kulikuwa na vijana wawili New York, Thomas Hibbard na Raymond Dietrich. Wote walikuwa wachoraji katika karakana kubwa ya bodi ya Brewster. Walikuwa wanapanga kimyakimya kuanzisha yao, bosi akanusa, wakaonyeshwa mlango. Hawakuwa na karakana. Hawakuwa na nyundo, bati wala seremala. Walichokuwa nacho ni penseli na jicho. Wakapanga ofisi, wakatafuta jina lenye harufu ya Paris, wakajiita LeBaron. Hakuna baroni yeyote pale, ni vijana wa mjini tu, lakini matajiri wa New York wakisikia jina la Kifaransa wanasogea wenyewe. Si unajua tena, hata huku kwetu duka la nguo likiandikwa jina la Kitaliano bei inapanda.

Wakaanza kuuza michoro. Mteja anachagua umbo kwenye karatasi, kisha karakana nyingine ndiyo inayogonga bati. Baada ya muda mfupi magari ya LeBaron yakawa ndiyo mtindo. Mwaka 1923 Hibbard akaenda Paris kweli, akaungana na Mmarekani mwenzake, Howard Darrin, wakafungua duka lao la bodi. Dietrich naye mwaka 1925 akahamia Detroit, akaanzisha kampuni yenye jina lake. Na jina la LeBaron? Lilinunuliwa pamoja na kampuni, mnunuzi naye akaja kununuliwa na Chrysler mwaka 1953, na Chrysler wakaendelea kuuza gari lenye jina hilo mpaka mwaka 1995. Jina la kubuni la vijana wawili waliotimuliwa kazi likaishi miaka 75. Karatasi hiyo, bwana!

Ng'ambo ya bahari, Uingereza, kulikuwa na mwingine: William Lyons, wa mji wa pwani wa Blackpool. Mwaka 1922, akiwa na miaka 21, yeye na jirani yake William Walmsley walianza kutengeneza vile vigari vya pembeni vya kupachika kwenye pikipiki. Mtaji ulikuwa mkopo wa benki wa pauni 1,000, uliodhaminiwa na wazazi wao. Biashara ilipokaa sawa, Lyons akawaza: matajiri wana mafundi wao, je, karani? Je, mwalimu? Nani anamshonea yeye?

Akachukua Austin Seven, gari dogo la bei ya chini ambalo Waingereza wengi walianzia maisha, akaivua nguo za kiwandani. Mwaka 1927 akaivalisha bodi ya mviringo, rangi mbili, na mkia uliochongoka kidogo. Akaiita Austin Swallow, akaiuza pauni 175. Lyons hakuwa mhandisi wala hakushika nyundo. Alikuwa anaeleza anachokiona kichwani, na fundi wake hodari Cyril Holland anakigeuza kuwa mti na bati. Mwenye jicho alimpata mwenye mkono, wote wawili wakala.

Muuza magari wa London, Henlys, alipoiona akaagiza 500. Mia tano, msomaji wangu, wakati karakana ilikuwa inatoa mbili kwa siku! Chesisi za Austin zikaanza kurundikana stesheni ya reli ya Blackpool mpaka mkuu wa stesheni akaja juu. Mwaka 1928 wakahama na mafundi wao kwenda Coventry, kwenye viwanda vikubwa. Kufikia 1931 walikuwa na gari lao wenyewe, SS1, ambalo chesisi yake walikuwa wanatengenezewa na wengine. Ilikuwa refu na imelala chini, ukiiona unadhani ni ya maelfu ya pauni. Mwaka 1935 lilitoka la kwanza lenye jina la Jaguar, na mwaka 1945 kampuni nzima ikachukua jina hilo. Ndiyo, Jaguar hiyohiyo. Ilianza kama fundi wa kuvalisha gari la mtu mwingine.

Lakini nisikupambe, maana wengi wao hawakuishia hivyo. Hebu sikia mkasa wa Bugatti Royale. Ettore Bugatti alitaka kuwauzia wafalme gari kubwa kuliko yote, injini ya lita 12.7, lenye urefu wa zaidi ya mita sita. Alipanga kuuza 25. Kati ya 1932 na 1933 akawauzia wateja watatu tu, na hakuna mfalme hata mmoja kati yao. Injini zilizobaki zikaenda kuvuta treni.

Wateja hao watatu walinunua mifupa ya namna moja, lakini angalia walivyovalisha. Armand Esders, tajiri wa biashara ya nguo wa Ufaransa, alitaka gari la wazi la watu wawili, lisilo na taa za mbele, kwa sababu hakukusudia kuliendesha usiku. Daktari Josef Fuchs wa Ujerumani alishonesha la kukunjua paa kwa fundi Weinberger wa Munich. Kapteni Cuthbert Foster wa Uingereza akapeleka lake kwa Park Ward wa London, likatoka limuzini nzito, ya heshima, kama kabati la vyombo. Ukiyaweka pamoja huwezi kudhani ni ndugu wa baba mmoja.

Na maisha yao? Bodi ya Esders ilivuliwa baadaye na chesisi ikavalishwa nyingine na fundi Binder wa Paris. Ile ya Daktari Fuchs ilimfuata mwenyewe mpaka Marekani, baridi kali ikapasua injini, ikaishia kwa muuza vyuma chakavu New York. Huko ndiko mhandisi wa General Motors, Charles Chayne, alikoinunua akaifufua. Leo iko katika makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan, na bodi ya Weinberger iko juu yake. Karakana ya Weinberger haipo, kazi yake bado inatazamwa.

Nini kiliwamaliza mafundi hawa? Wengi husema ni umaskini wa mwaka 1929, soko la hisa la New York lilipoanguka. Ni kweli uliwapiga. Murphy wa Pasadena alifunga mwaka 1932. Barker, mzee wa 1710, alimezwa na Hooper mwaka 1938. Lakini kisu kilikuwa kimeanza kunolewa mapema.

Kwanza, Edward Budd wa Philadelphia alikuwa ameonyesha kwamba bodi inaweza kukandamizwa yote kwa chuma, bila mti, kwa mashine kubwa inayofinyanga mlango kwa pigo moja. Dodge wakamfuata tangu 1914, Citroën wakaileta Ulaya mwaka 1924. Fundi anagonga mlango kutwa, mashine imeshatoa mia. Pili, mwaka 1923 ikatoka rangi ya kupuliza iitwayo Duco, inayokauka kwa saa badala ya majuma. Tatu, General Motors walianza kuimeza kampuni ya bodi ya Fisher mwaka 1919, wakaimaliza mwaka 1926, kwa hiyo bodi ikahamia ndani ya uzio wa kiwanda. Na la mwisho ndilo lililozika kabisa: mwaka 1922 Lancia wa Italia alitoa gari lisilo na chesisi, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Wengine wakaja kufuata. Sasa fundi akavalishe nini? Kitambaa na suti vimekuwa kitu kimoja, huwezi kutenga. Rolls-Royce wenyewe walianza kuuza gari zima lenye bodi ya kiwandani mwaka 1949, na mwaka 1965 walipotoa Silver Shadow isiyo na chesisi, kazi ya mafundi wachache waliokuwa wamebaki Uingereza ikazidi kufifia.

Na ni nani aliyewafundisha viwanda urembo? Mtoto wa fundi bodi! Harley Earl, baba yake alikuwa na karakana ya magari ya farasi Los Angeles, baadaye wakawa wanawashonea magari mastaa wa sinema. General Motors wakamwita Detroit kuchora gari la LaSalle lililotoka mwaka 1927, kisha wakampa idara nzima ya kuchora maumbo. Alikaa huko mpaka 1958. Mashine zilichukua kazi ya nyundo. Kazi ya jicho hawakuwa na mashine yake, wakaenda kuitafuta kwa fundi.

Nimeirudia hadithi hii kichwani mara nyingi kwa sababu ya jambo lililo mlangoni kwetu. Ufundi huu haujafa Afrika Mashariki. Unguja kuna zile gari za mbao: kilori kidogo kimevalishwa bodi ya mti, madirisha wazi, abiria wametazamana. Ash hakuna pale, lakini fundi wa Barker wa mwaka 1910 angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Nairobi mpaka leo matatu nyingi huanza kama chesisi ya Isuzu inayoingia karakana uchi, ikatoka na madirisha, viti, taa za rangi na muziki wa kutikisa kifua. Hata mabasi ya mikoani hapa kwetu, kwa miaka mingi yalikuwa chesisi ya lori iliyovalishwa bodi na mafundi wa mjini.

Sasa barabara zetu zimejaa mabasi yaliyokuja mazima kutoka China, na viyoyozi vyake na televisheni zake. Abiria anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini fundi bodi wa Dar anakutana na kile alichokutana nacho Murphy. Kwa wewe kijana unayejifunza kugonga bati gerejini, au una mdogo wako huko, swali si la makumbusho. Ni la chakula cha jioni. Kugonga tu, mashine itakushinda, imewashinda wenye historia ya miaka 200. Hibbard na Dietrich walitoka na penseli. Lyons alitoka kwa kumtazama karani ambaye hakuna aliyemtazama. Huku kwetu nani hajashonewa? Muuza samaki anayehitaji kigari chenye barafu? Mwenye bajaji anayetaka bodi isiyovuja masika? Shule inayosafirisha watoto wa viti vya magurudumu? Mimi naona foleni ndefu ya wateja, na kiwanda cha Uchina hakiwajui hata kwa majina.

Siku ukipanda basi au matatu, kabla hujagombania siti ya dirishani, tupia jicho pale mlangoni. Kuna wakati utakuta kibati au maandishi madogo yenye jina la karakana. Lisome. Kuna mtu alipima, akagonga, akapuliza rangi, kisha akathubutu kuandika jina lake mahali unapokanyaga.

Kwa leo naishia hapa, msomaji wangu. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na suti yako kama bado iko kwa fundi, mkumbushe: Jumatatu imefika.